Uraia wa Msikilizaji: Muziki wa "Kujitegemea" wa Uingereza na Marekani Tuusikiapo Kigoma

Neno kujitegemea lina historia yake katika nchi yetu. Tangu Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 5, 1967, kila mwanachama amelijua neno hilo kuwa ni nguzo ya siasa, wala si pambo la hotuba. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba huko Uingereza na Marekani upo muziki uitwao wa kujitegemea, ambao vijana wa huko huuita kwa mkato indie, hatuna budi kusimama na kuuliza: unajitegemea kutoka kwa nani, na ni nani wanaoutegemea? Swali la pili ndilo kiini cha makala haya. Je, Mwingereza, Mmarekani na kijana wa Rusimbi hapa Kigoma wakisikiliza santuri moja, wanasikia kitu kimoja?

Wapo ndugu watakaosema kwamba hili ni swali la anasa, na kwamba mkulima wa Kasulu hana haja nalo. Hatukubaliani nao. Mawazo ya tabaka linalotawala duniani hayaingii kwa vitabu tu. Huingia kwa masikio pia, na siku hizi huingia kwa simu iliyomo mfukoni mwa mtoto wa huyo huyo mkulima. Tena katika mkoa wetu neno uraia si neno la nadharia. Mwana Kigoma anajua maana ya kuulizwa, kwa sababu ya jina lake au lafudhi yake tu, babu yake alizaliwa wapi.

Tuanze na hao wanaoitwa wanaojitegemea. Mwaka 1976 duka la santuri la Rough Trade lilifunguliwa London, na mwaka 1978 likaanza kutoa santuri zake lenyewe. Mwaka huo huo ikazaliwa Factory kule Manchester, na mwaka 1983 ikafuata Creation. Shabaha yao ilikuwa kukata mirija ya makampuni makubwa, ambayo yalimiliki viwanda vya kuchapa santuri, magari ya kuzisambaza na njia za kuzifikisha redioni. Factory ilifika hatua ya kugawana mapato na wanamuziki nusu kwa nusu. Hatuwezi kulidharau jambo hilo. Ni wafanyakazi na vijana wasio na mtaji waliojaribu kushika nyenzo za kazi yao wenyewe. Lakini kisiwa kidogo cha ushirika katika bahari ya ubepari hakina muda mrefu. Mtandao wa usambazaji wa Rough Trade ulifilisika mwaka 1991, Factory ikafilisika mwaka 1992, na mwaka huo huo Creation ikauza karibu nusu ya hisa zake kwa Sony. Kujitegemea kwa duka moja, bila kushika njia kuu za uchumi, ni kuahirisha tu siku ya kununuliwa.

Sasa tuwatazame wasikilizaji. Bendi ya The Smiths ilianza Manchester mwaka 1982, mwaka ambao idadi ya wasio na kazi Uingereza ilizidi milioni tatu. Msikilizaji wa Manchester hakuhitaji kufafanuliwa huzuni ya nyimbo hizo ilitoka wapi: ilitoka katika viwanda vilivyofungwa, na katika foleni ya posho aliyosimama mwenyewe Jumatatu iliyopita. Nyimbo hizo hizo zilipovuka bahari na kuingia katika vyuo vikuu vya Marekani, huzuni ile ilibaki lakini viwanda vilitoweka. Ikawa huzuni ya Kiingereza, yenye mvua, vitabu na lafudhi ya kupendeza; bidhaa ya kigeni ya kujitofautishia na jirani anayesikiliza nyimbo za redioni. Mmarekani hakukosea sauti hata moja. Alichopoteza ni mahali.

Wamarekani nao walitendewa vivyo hivyo. Mwaka 1989 kampuni ndogo ya Sub Pop ya Seattle ilimlipia nauli mwandishi wa gazeti la Kiingereza la Melody Maker aje kuwaona wanamuziki wake. Wasomaji wa London wakapata picha ya watu wa msituni, wakata magogo wenye mashati ya mirabamiraba, wasiojua lolote ila kupiga gitaa kwa hasira. Ni kweli kwamba Aberdeen, mji walikotoka vijana wa Nirvana, ni mji wa magogo, na ni kweli kwamba kazi ya magogo ilikuwa ikifa. Lakini kilichouzwa London hakikuwa habari ya mfanyakazi wa magogo na ajira yake. Kilichouzwa ni Umarekani wake. Kampuni ilifahamu vizuri kwamba ugeni huuzika kuliko ukweli, na miaka miwili tu baadaye, yaani 1991, santuri ya Nevermind ilitolewa na kampuni ya Geffen, ambayo haikuwa ndogo wala haikudai kujitegemea.

Kama mambo ndiyo hayo baina ya mataifa mawili yanayosema lugha moja, itakuwaje muziki unapokwenda kutoka kwetu hadi kwao?

Hapa tunayo habari ambayo kila mwanafunzi wa itikadi afaa kuijua. Juni 29, 1987, wawakilishi wa kampuni hizo hizo ndogo za santuri walikutana katika baa moja ya Islington, London, iliyoitwa Empress of Russia. Walikuwa na shida ya kibiashara: muziki wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini waliokuwa wakiuchapa haukuwa na rafu yake dukani. Wakakubaliana kuuita wote kwa jina moja, muziki wa dunia, na wakachanga fedha za kuutangaza. Tusiwaonee, wengi wao waliupenda muziki huo kwa dhati, na bila wao santuri nyingi zisingalifika kokote. Lakini tazameni matokeo. Taarabu ya Unguja, gitaa la Zimbabwe na ngoma za Burundi ziliwekwa katika sanduku moja, na katika hiyo "dunia" Uingereza yenyewe haikuwamo. Mwingereza alibaki mtu wa mji wake na mtaa wake. Sisi wengine tukawa dunia.

Mwaka uliofuata kampuni ya GlobeStyle ilirekodi taarabu huko Zanzibar, pamoja na vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905. Msikilizaji wa London alipata fidla, kanuni na sauti zenye mawimbi ya Bahari ya Hindi. Mafumbo hakuyapata. Na taarabu bila mafumbo ni barua iliyofika bila maandishi. Unaweza kuisifu bahasha.

Lakini mfano unaotuhusu zaidi ni wa Ndugu Remmy Ongala. Alizaliwa mwaka 1947 Kindu, katika Maniema ya Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na bendi ya Mzee Makassy, kisha akawa kiongozi wa Super Matimila. Mwaka 1988 alialikwa Uingereza katika tamasha la WOMAD. Mwaka 1989 kampuni ya Real World, ya mwanamuziki wa Kiingereza Peter Gabriel, ilitoa santuri yake iitwayo Songs for the Poor Man, yaani nyimbo za maskini, na mwaka 1992 ikafuata Mambo. Watu wa Ulaya wakamchezea kwa furaha.

Wakamchezea! Hapo ndipo penye jambo. Hatusemi kwamba kucheza ni kosa. Hata hapa kwetu Remmy alichezwa mpaka alfajiri. Lakini mtu wa Manzese au wa Mwanga akimchezea Remmy, anacheza huku akisikia habari ya kifo, ya tajiri na maskini, ya mke aliyeachwa, ya kodi ya nyumba. Anacheza akiitikia kwa kichwa, kama mtu mkutanoni anayekubaliana na msemaji. Msikilizaji wa Uingereza aliambiwa katika jalada kwamba hizi ni nyimbo za mtu maskini, na akaamini. Lakini maskini yule alikuwa maskini wa mbali, asiye na mwenye nyumba wala mwajiri, maskini kama hali ya hewa. Unyonge uliondolewa mnyonyaji wake. Na hii ndiyo tofauti tunayotaka kuionyesha: uraia wa msikilizaji haumzuii kuipenda santuri, unamzuia kumjua mshitakiwa.

Katika nyimbo za Remmy umo mmoja unaouliza kwa jina lake, Muziki Asili Yake Wapi. Sisi tungependa kuligeuza swali hilo kidogo na kuuliza asili ya msikilizaji iko wapi.

Maana yapo makosa ya upande wa pili, nayo ni yetu sisi Waafrika. Mwaka 1962, katika hotuba yake ya Desemba 10 alipokuwa Rais, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akawakosoa waliojivunia kujua rumba, chachacha na twisti huku hawajui ngoma za kwao. Sehemu hiyo ya hotuba hukumbukwa sana. Sehemu nyingine ya hotuba hiyo hiyo husahauliwa: alisema pia, kwa maneno makali, kwamba taifa linalokataa kujifunza kutoka kwa tamaduni za wengine halina akili. Watekelezaji wengine walibaki na nusu ya kwanza. Baada ya Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU, iliyopitishwa mwaka 1968 dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, ikaja zamu ya muziki. Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani ulipiga marufuku muziki wa soul katika Dar es Salaam.

Hebu tulichambue tendo hilo bila woga na bila dharau. Hofu iliyokuwa nyuma yake ilikuwa hofu ya haki. Marekani ilikuwa ikiua watu Vietnam, na vijana wa miji yetu walikuwa wakiiga kila kilichotoka huko. Lakini soul ilikuwa ya nani? Kwa aliyetazama hati ya kusafiria ilikuwa ya Marekani, kwa hiyo ya ubeberu. Kwa kijana wa Ilala au Kariakoo aliyemsikia James Brown akitangaza mwaka 1968 fahari ya kuwa mweusi, ilikuwa ya mjukuu wa mtumwa. Mabishano hayo yaliingia hata katika barua za magazeti, na waliosema kwamba muziki huo ni wa ndugu zetu weusi hawakuwa wajinga. Lenin aliandika mwaka 1913 kwamba katika kila utamaduni wa taifa zimo tamaduni mbili, ya wanaonyonya na ya wanaonyonywa. Waliopima soul kwa bendera walikiacha kipimo hicho, wakaupima muziki kwa uraia wa mwenye kiwanda cha santuri badala ya hali ya mwenye koo.

Hata hivyo yule kijana wa Ilala naye alisikia nusu. Alisikia weusi, hakusikia Marekani. Hakusikia kwamba fahari ile ilikuwa pia inauzwa, na kwamba Mmarekani mweusi anayejivuna anaweza kuwa bepari kamili. Utaifa ulimfungulia mlango mmoja na kumfungia mwingine, kama ulivyomfanyia Mwingereza wa WOMAD.

Sasa tufike Rusimbi, kwa kuwa ndiko tunakoandikia. Anayetoka Dar es Salaam hudhani kwamba hapa ni mwisho wa nchi, mahali ambapo reli ya kati iliishia mwaka 1914. Mwenyeji hudhani kwamba hapa ni katikati. Kutoka mwalo wa Kibirizi mashua huvuka kwenda Kongo na Burundi, na Kalemie iko ng'ambo tu. Ujiji ilijaa Wamanyema tangu zama za misafara, watu ambao babu zao walitoka nchi ile ile alikozaliwa Remmy, na leo ni Watanzania kama Mhehe au Mpare. Kwa msikilizaji wa London Remmy alikuwa Mwafrika. Kwa msikilizaji wa Dar es Salaam alikuwa Mkongo aliyekuja kuwa mwenzetu, hata kituo cha daladala cha Sinza kikaitwa kwa Remmy. Kwa mzee wa Ujiji alikuwa mtu wa ukoo aliyepitia njia ndefu zaidi kufika.

Na tofauti hizi si za hisia tu, zimo katika lugha. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda kule Jadotville, mji ambao sasa ni Likasi, akipiga Masanga. Wapiga gitaa wa Uingereza na Marekani wameichambua rekodi hiyo kidole kwa kidole, na wengine wameipiga vizuri sana. Kwao ni gitaa lenye mtu anayeimba nyuma. Kwa mtu wa Pwani ni Kiswahili kilichopinda, cha kuchekesha kidogo. Kwa mtu wa ufuko wa Tanganyika ni Kiswahili cha jirani, hakichekeshi. Hivyo ndivyo wanavyosema watu sokoni. Kwa hiyo hata ndani ya Tanzania moja uraia mmoja hautoi sikio moja. Mpaka uliochorwa na wakoloni si mpaka wa masikio.

Mtu atatupinga na kusema: mbona Watanzania wamependa nyimbo za Lingala miaka yote bila kuijua Lingala? Ni kweli, na hoja hii ina uzito kuliko zote. Franco alipotoa Mario mwaka 1985, wimbo mrefu wa masimulizi kuhusu kijana anayelishwa na mwanamke mwenye mali, mamilioni waliucheza Afrika Mashariki bila kufuata masimulizi. Tofauti yetu na Mwingereza wa WOMAD iko wapi basi? Iko hapa: neno marioo limeingia katika Kiswahili, na wengi hulihusisha na wimbo huo. Watu hawakuelewa sentensi, lakini kwa kuulizana, kwa bendi za Wakongo zilizohamia Dar es Salaam, kwa wafanyabiashara wa samaki na vitenge wanaovuka ziwa, shabaha ya wimbo iliwafikia. Walimtambua Mario kwa sababu walikuwa naye mtaani. Ufahamu ulibebwa na maisha yanayofanana, na lugha ikafuata nyuma. Rumba hiyo yenyewe, tusisahau, iliondoka Kongo ikiwa mapigo katika vifua vya watumwa, ikarudi kutoka Kuba kwa santuri za GV zilizoanza kutolewa mwaka 1933, na Wakongo waliipokea kama jamaa aliyekuwa safarini. Mwalimu aliihesabu mwaka 1962 kuwa ngoma ya kigeni, nayo kwa njia iliyopita ilikuwa hivyo.

Twaweza kusema, basi, kwamba taifa ni sikio la kwanza na tabaka ni sikio la pili. La kwanza humpa mtu lugha, mahali, kumbukumbu na majina. Bila hilo hasikii mfumbo wa taarabu wala foleni ya Manchester. La pili humwezesha kuvuka: mfanyakazi wa bandari ya Kigoma aliyepunguzwa kazini, akielezwa The Smiths walitoka katika mji gani na mwaka gani, ataelewa haraka kuliko mwanafunzi wa California aliyekariri nyimbo zote. Lakini lazima aelezwe. Wale wanaodhani kwamba tabaka peke yake hutosha, kwamba mnyonge humtambua mnyonge bila mfasiri, wanaongea mashairi. Na wale wanaodhani kwamba uraia peke yake hutosha wamekwisha kufikishwa mahali pabaya na mawazo yao, kama ilivyotokea mwaka 1969.

Siku hizi kijana wa Rusimbi hapigi foleni dukani. Anajaziwa nyimbo mia mbili katika kadi ya simu kwa fundi wa kando ya barabara, au anazivuta mwenyewe, na humo mnachanganyika Bongo Fleva, Fally Ipupa, injili ya Burundi na, mara chache, kijana wa Uingereza mwenye gitaa. Hakuna jalada, hakuna mji, hakuna mwaka. Kampuni za mtandao zinampangia kwa vipimo vyao, na fungu la "dunia" la 1987 limehamia humo likiwa na majina mengine. Hapa ndipo kada wa utamaduni ana kazi halisi, nayo si ya kupiga marufuku. Ni kazi ya kueleza: huyu anaimba kutoka wapi, analipwa na nani, anamlalamikia nani. Tungependa kuona vyuo vya Chama na vikundi vya Umoja wa Vijana vikisikiliza santuri kwa namna hiyo, kama tunavyosoma taarifa ya bei za kahawa.

Limebaki jambo moja ambalo hatulioni likijadiliwa. Katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo, wapo vijana waliozaliwa humo, wanaosema Kiswahili cha Kigoma, wanaoimba Bongo Fleva na Lingala, na ambao hawana uraia wa nchi waliyozaliwa wala kumbukumbu ya nchi wanayoambiwa ni yao. Mchambuzi anayeanza na hati ya kusafiria hana pa kuwaweka. London watawaweka katika rafu ya dunia, Dar es Salaam watawaita Wakongo, na Kinshasa watacheka Lingala yao. Wimbo wao ukipigwa Rusimbi jioni, juu ya meza ya fundi simu, hakuna anayeuliza. Mtu anaongeza sauti tu na kuendelea kuanika dagaa.